Zao la Kinadharia na Zao Halisi: Kemia ya Klorini katika Mlipuko wa Kipindupindu wa Kagunga, Mei 2015

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa kemia hujifunza mapema kwamba kila mmenyuko una mazao mawili. Zao la kwanza ni la kinadharia, na hupatikana kwa kusawazisha mlinganyo, kugeuza gramu kuwa moli, na kukokotoa kiasi ambacho kingepatikana iwapo hakuna kitu ambacho kingepotea. Zao la pili ni lile halisi linalopimwa mwisho wa jaribio. Uwiano wa zao halisi kwa zao la kinadharia, ukizidishwa kwa 100, huitwa asilimia ya zao. Katika maabara ya shule, asilimia hiyo ikiwa ndogo mwanafunzi hupunguziwa alama, kisha vyombo huoshwa na somo linaisha.

Makala haya yanachunguza hesabu hiyohiyo mahali ambapo kupungua kwa zao kulikuwa na maana nyingine. Mwezi Mei 2015, kijiji cha Kagunga katika Mkoa wa Kigoma, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika karibu kabisa na mpaka wa Burundi, kilipokea makumi ya maelfu ya wakimbizi kwa muda wa wiki chache, na kipindupindu kikazuka. Miongoni mwa silaha kuu dhidi ya ugonjwa huo ni klorini, na mmenyuko wake na maji ni miongoni mwa mimenyuko rahisi ya kemia ya msingi. Hoja inayojengwa ni kwamba katika mazingira ya Kagunga kiasi cha klorini peke yake hakingeweza kuwa kikwazo kikuu. Kikwazo kilikuwa katika yale yanayotokea kati ya zao la kinadharia na zao halisi: hifadhi ya unga, uchafu wa maji, hali ya alikali ya ziwa lenyewe, na muda wa kusubiri. Mwanahistoria akiifuata hesabu hiyo hatua kwa hatua, anaweza kuona kwa nini kuwahamisha watu kulikuwa na uzito sawa na kuyatibu maji.

Namba zinazohusu tukio lenyewe zimetokana na taarifa za mashirika zilizotolewa wakati huo. Namba zinazohusu dozi na ndoo ni mifano ya ukokotoaji wa kimaabara, iliyotungwa ili kuonyesha uhusiano wa kikemia, hazikupimwa ufukweni.

2. Mahali na tukio

Kagunga imebanwa kati ya ziwa na milima. Iko kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Gombe, na kwa miaka mingi njia yake kuu ya kuwasiliana na mji wa Kigoma imekuwa maji. Mwalo wake ni wa wavuvi na wafanyabiashara wadogo wa pande zote mbili za mpaka. Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana, na uhusiano wa familia na biashara hauishii kwenye alama ya mpaka.

Wakimbizi kutoka Burundi hawakuwa jambo geni mkoani humo. Mauaji ya mwaka 1972 yaliwaleta Warundi wengi Tanzania, na wengi wao wakapelekwa katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mnamo Oktoba 1993 kulileta wimbi jingine. Kambi ya Mtabila, iliyokuwa na Warundi, ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012, na kwa muda ilionekana kwamba sura hiyo imefika mwisho. Tarehe 25 Aprili 2015 chama tawala cha Burundi kilimteua Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu. Maandamano yalianza siku iliyofuata, na jaribio la mapinduzi la tarehe 13 Mei lilishindwa. Watu wakakimbia. Kagunga ikawa mojawapo ya milango mikuu ya kuingilia Tanzania.

Kijiji kilichokuwa na wakazi wasiofika 15,000 kikajikuta na wageni zaidi ya 50,000 kwenye ukanda mwembamba wa ufukwe. Vyoo havikutosha, na maji ya kunywa, ya kuoga na ya kufulia yalitoka ziwani humohumo. Kipindupindu kilithibitishwa katikati ya mwezi Mei. Katika taarifa yake ya tarehe 22 Mei 2015, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) lilieleza kwamba wagonjwa walikuwa wamefikia takriban 3,000, waliofariki walikuwa 31, na kila siku walipatikana wagonjwa wapya kati ya 300 na 400, hasa Kagunga na maeneo ya jirani. Watanzania walikuwa miongoni mwa waliougua na miongoni mwa waliofariki.

Waliohamishwa walisafirishwa kwa maji hadi Kigoma, wakapokelewa kwa muda katika Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapelekwa kwa mabasi hadi kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Chombo kikuu kilikuwa MV Liemba, meli iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Kagunga haikuwa na gati la kuipokea meli hiyo, hivyo abiria walipelekwa kwa boti ndogo hadi ilipotia nanga.

3. Mmenyuko na historia yake fupi

Matumizi ya misombo ya klorini yalitangulia ufahamu wa vimelea. Claude Louis Berthollet alichunguza uwezo wa klorini wa kung'arisha nguo katika miaka ya 1780, na mwaka 1799 Charles Tennant alipata hataza ya unga wa kung'arishia uliotengenezwa kwa klorini na chokaa. Kati ya matukio hayo mawili, mwaka 1792, Jeremias Benjamin Richter alianza kutumia neno stoikiometria kwa hesabu ya uwiano wa vitu vinavyomenyuka. Mwaka 1847 Ignaz Semmelweis aliwataka madaktari wa wodi ya wazazi mjini Vienna kunawa kwa mmumunyo wa chokaa yenye klorini. Mwaka 1908 mji wa Jersey City nchini Marekani ulianza kutia klorini katika maji ya mji mzima kwa mfululizo. Kwa hiyo unga uliotengenezwa kwa ajili ya viwanda vya nguo ulichukua zaidi ya karne moja kuwa kinga ya kawaida ya maji ya kunywa.

Unga unaotumika zaidi katika dharura za leo ni haipokloraiti ya kalsiamu. Ukitiwa katika maji, humenyuka hivi:

Ca(OCl)2 + 2H2O → Ca(OH)2 + 2HOCl

Masi ya moli ya haipokloraiti ya kalsiamu ni takriban gramu 143. Kila moli hutoa moli mbili za asidi ya haipoklorasi, HOCl, ambayo ndiyo muuaji mkuu wa vimelea. Kwa kuwa kila moli ya HOCl ina uwezo wa kuoksidisha sawa na moli moja ya klorini, Cl2, yenye gramu 70.9, gramu 143 za unga safi ni sawa na gramu 141.8 za klorini tendaji. Hilo ni zao la kinadharia la asilimia 99.

Unga wa dukani si safi kiasi hicho. Ule unaosambazwa kwa shughuli za maji huwa na klorini tendaji ya asilimia 65 hadi 70. Ili kupata lita moja ya mmumunyo wa akiba wenye nguvu ya asilimia 1, yaani gramu 10 za klorini tendaji kwa lita, hesabu ni gramu 10 kugawanywa kwa 0.70, ambayo ni gramu 14.3. Katika utendaji namba hiyo hukadiriwa kuwa gramu 15, karibu kijiko kimoja cha chakula. Mililita 4 za mmumunyo huo zina miligramu 40 za klorini, nazo zikitiwa katika ndoo ya lita 20 hutoa dozi ya miligramu 2 kwa lita. Hapa ndipo maarifa ya kidato yanapokutana na kazi ya mhudumu wa afya anayesimama ufukweni na bomba la sindano mkononi, akitia dawa katika ndoo moja baada ya nyingine.

4. Kitendanishi kikomo cha Kagunga

Katika mmenyuko wowote, kitendanishi kinachokwisha kwanza ndicho kinachoamua kiasi cha zao. Huitwa kitendanishi kikomo, na kukitambua ni zoezi la kawaida la darasani. Swali hilo linaweza kuulizwa kuhusu Kagunga.

Viwango vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu hutaja lita 15 za maji kwa mtu kwa siku. Kwa watu 50,000, hizo ni lita 750,000. Dozi ikiwa miligramu 2 kwa lita, klorini tendaji inayohitajika ni gramu 1,500 kwa siku. Kwa unga wa asilimia 70, hizo ni takriban kilo 2.14. Mahitaji ya unga ya umati wote kwa siku moja yangeweza kubebwa na mtoto katika mfuko wa plastiki. Hata dozi ingezidishwa mara nne kwa sababu ya uchafu, jumla isingefika kilo 9.

Hesabu hii inaondoa dhana kwamba janga la aina hii hutokana kwanza na uhaba wa dawa ya maji. Unga ulikuwa mdogo kwa uzito, wa bei nafuu, na rahisi kupakiwa hata katika boti ndogo. Kikomo kilikuwa kwingine. Lita 750,000 ni ndoo 37,500 za lita 20. Kila ndoo, baada ya kutiwa dawa, inapaswa kusimama dakika 30 kabla ya kunywewa. Ikiwa uchotaji unafanyika kwa saa 12 za mchana, basi kwa wastani ndoo 1,563 zinapaswa kuwa zimesimama wakati wowote, zikiwa na mifuniko, zikingojea, na mtu mwenye kiu asiguse. Wakimbizi waliovuka wakiwa na godoro, sufuria na mtoto mgongoni hawakuwa na ndoo ya pili ya kusubirishia maji. Matangi ya lita 10,000 yangepunguza tatizo la muda, lakini yangehitaji kujazwa mara 75 kwa siku kwa pampu zilizopaswa kufikishwa kwa boti, na kuwekwa kwenye ufukwe uliokwisha kujaa watu.

Kwa lugha ya maabara, Kagunga ilikuwa na kitendanishi cha ziada, nacho ni klorini, pamoja na vitendanishi vikomo vitatu: chombo, muda na nafasi. Kuongeza kitendanishi cha ziada hakuongezi zao.

5. Vinavyokula klorini

Hata pale ndoo na muda vinapopatikana, zao halisi hupungua kwa njia mbili ambazo mlinganyo wa sehemu ya tatu hauzionyeshi.

Njia ya kwanza ni hifadhi. Haipokloraiti ya kalsiamu hupoteza nguvu ikikaa katika joto, unyevu na chombo kisichofungwa vizuri, na mmumunyo wake huharibika haraka zaidi juani. Tuchukue, kwa mfano, unga ulioshuka kutoka asilimia 70 hadi 50 bila mtumiaji kujua. Gramu 14.3 zilezile sasa zinatoa gramu 7.15 za klorini badala ya 10. Asilimia ya zao ni 71.5. Mililita 4 zilezile zinatoa dozi ya miligramu 1.43 kwa lita badala ya 2.

Njia ya pili ni mahitaji ya maji yenyewe. Tope, mabaki ya mimea na kinyesi humenyuka na klorini kabla haijavifikia vimelea vyote. Amonia, inayotokana na mkojo na uozo, humenyuka kwa uwiano maalumu:

NH3 + HOCl → NH2Cl + H2O

Kila miligramu 1 ya nitrojeni ya amonia huchukua takriban miligramu 5 za klorini na kuzigeuza kuwa kloramini, ambayo ni dhaifu zaidi katika kuua vimelea. Ikiwa lita moja ya maji ina miligramu 0.2 tu ya nitrojeni hiyo, klorini huru inayopotea ni miligramu 1. Ufukwe ambao maelfu ya watu wanaoga, wanafua na kujisaidia karibu na mahali pa kuchotea hauwezi kulinganishwa na maji ya katikati ya ziwa.

Umuhimu wa kuziweka njia hizo mbili katika hesabu moja ni kwamba hasara zake hazipungui kwa uwiano ulio sawa. Chukua maji yanayokula miligramu 1.2 za klorini kwa lita. Kwa unga mzima, dozi ya miligramu 2 huacha klorini huru ya miligramu 0.8, ambayo inavuka kiwango cha 0.5 kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani baada ya dakika 30. Kwa unga uliochakaa, dozi ya 1.43 huacha miligramu 0.23 tu. Nguvu ya unga imepungua kwa asilimia 29, lakini klorini inayobaki kumlinda mnywaji imepungua kwa asilimia 71. Sababu ni kwamba uchafu huchukua sehemu yake kwanza, na hasara yote humwangukia mnywaji. Dawa ya tatizo hilo katika mfano huu ni mililita 1.6 za ziada kwa kila ndoo. Hata hivyo, mhudumu asiyepima hawezi kujua kwamba anazihitaji, kwa sababu kijiko, ndoo na bomba la sindano ni vilevile vya jana.

6. Ziwa lenye alikali

Jambo la tatu ni la mahali penyewe, na vitabu vya kiada vilivyoandikwa kwa ajili ya maji ya mito ya nchi nyingine hulipita haraka. Asidi ya haipoklorasi hutengana kwa kiasi katika maji:

HOCl ⇌ H+ + OCl−

Kwenye pH ya 7.5, nusu ni HOCl na nusu ni ayoni ya haipokloraiti, OCl−. Kwenye pH 7, HOCl ni takriban asilimia 76. Kwenye pH 8 hushuka hadi asilimia 24, na kwenye pH 9 hubaki asilimia 3. Ayoni ya OCl− huua vimelea polepole zaidi kuliko HOCl. Ndiyo maana pendekezo la Shirika la Afya Duniani la miligramu 0.5 kwa dakika 30 huambatana na sharti ambalo mara nyingi husahaulika: pH iwe chini ya 8.

Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yana pH inayokaribia 9. Sababu yake ni ya kijiolojia. Milipuko ya volkano ya Virunga iliziba njia ya kale ya maji kuelekea kaskazini, Ziwa Kivu likainuka, na hatimaye likafurika kusini kupitia Mto Rusizi. Tangu wakati huo Rusizi umekuwa ukimwaga katika Tanganyika maji yenye bikabonati na magnesi kwa wingi. Akiba hiyo ya bikabonati ni kubwa kiasi kwamba dozi ya kawaida ya klorini haiwezi kuibadilisha pH: kwa hesabu ya moli, alikali iliyomo katika lita moja ya maji ya ziwa inazidi klorini ya dozi ya miligramu 2 kwa zaidi ya mara 200. Aidha, unga ukimumunywa kwa maji hayo, kalsiamu huungana na kabonati na kutoa mashapo meupe ya kabonati ya kalsiamu. Mashapo hayo si klorini iliyopotea, ingawa anayeyaona anaweza kudhani kwamba dawa imeharibika.

Haifai kuhitimisha kutokana na hayo kwamba klorini haikufaa Kagunga. Kimelea cha kipindupindu huuawa kwa klorini kwa urahisi kuliko vimelea vingi vya majini, na kadiri HOCl inavyotumika, sehemu ya OCl− hugeuka kuwa HOCl ili kurejesha msawazo. Klorini iliyomo haijatoweka, bali inafanya kazi kwa mwendo mdogo. Kinachobadilika ni muda. Dakika 30 zinazotosha kwenye maji yasiyo na alikali nyingi si lazima zitoe kinga ileile kwenye maji ya Tanganyika, na muda ulikuwa tayari mmoja wa vitendanishi vikomo. Kemia ya ziwa ilidai zaidi kile ambacho watu wa ufukweni walikuwa nacho kwa uchache.

Mfano wa karibu zaidi upo kwenye ziwa lililo juu ya Rusizi. Mnamo Julai 1994, wakimbizi kati ya 500,000 na 800,000 kutoka Rwanda waliingia eneo la Goma, kando ya Ziwa Kivu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 katika jarida la The Lancet ulionyesha kwamba karibu watu 50,000 walifariki katika mwezi wa kwanza, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Mwamba wa volkano ulifanya uchimbaji wa vyoo kuwa mgumu, na ziwa lilikuwa chanzo cha maji kilicho wazi kwa wote. Kagunga haikufikia vifo vya namna hiyo, na umati wake ulikuwa mdogo kwa mara kumi au zaidi. Lakini matukio hayo mawili yana sura moja: watu wengi, ardhi isiyochimbika kirahisi au isiyotosha, na maji mengi ya alikali yanayochotwa mahali palepale yanapochafuliwa.

7. Kipimo na mpimaji

Zao halisi la klorini ufukweni hupimwa kwa kidonge cha DPD, ambacho hubadilisha maji yenye klorini huru kuwa ya rangi ya waridi. Rangi hulinganishwa na kadi, na namba husomwa. Kipimo hicho ni chepesi na kimeokoa watu wengi. Kina mpaka wake, hata hivyo: rangi hutokana na HOCl na OCl− kwa pamoja, bila kuzitenganisha. Ndoo mbili zenye waridi uleule wa miligramu 0.5, moja ya pH 7 na nyingine ya pH 9, zina HOCl ya miligramu 0.38 na 0.015 mtawalia. Mpimaji asiyepima pH huandika namba moja kwa hali mbili tofauti.

Nguvu ya unga wenyewe hupimika kwa jaribio ambalo vifaa vyake vipo katika maabara ya kawaida ya kidato cha sita. Gramu 0.5 za unga huyeyushwa na kufanywa mililita 100. Mililita 10 huchukuliwa kwa pipeti, iodidi ya potasiamu na asidi huongezwa, na iodini inayotoka hutitreshwa kwa thiosalfeti ya sodiamu ya 0.1 M:

OCl− + 2I− + 2H+ → I2 + Cl− + H2O
I2 + 2S2O3^2− → 2I− + S4O6^2−

Unga wa asilimia 70 hutumia mililita 9.87 za thiosalfeti. Unga wa asilimia 50 hutumia mililita 7.05. Tofauti ni mililita 2.8 kwenye bureti, na mwanafunzi aliyezoea kusoma hadi sehemu ya kumi ya mililita hawezi kuikosa. Tofauti hiyohiyo, kwa mfano wa sehemu ya tano, ndiyo inayotenganisha ndoo inayovuka kiwango cha usalama na ndoo isiyokivuka.

Hapa linajitokeza suala la lugha. Katika shule za sekondari za Tanzania, moli na titresheni hufundishwa kwa Kiingereza. Maelekezo ya ufukweni hutolewa kwa Kiswahili, Kiha na Kirundi, na kwa kawaida huwa mafupi: kidonge kimoja, ndoo moja, nusu saa. Istilahi za Kiswahili za sayansi zipo tangu zamani, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kilichokosekana ni matumizi yanayounganisha hesabu na maelekezo. Mhudumu anayejua kanuni ya kidonge kimoja bila kujua sababu yake hana njia ya kuirekebisha pale unga unapochakaa, maji yanapochafuka au pH inapopanda. Anayejua kwamba kanuni hiyo ni zao la hesabu anaweza kuuliza ni kipi katika hesabu kimebadilika.

8. Hitimisho

Ziwa Tanganyika lina takriban asilimia 17 ya maji baridi yote yaliyo juu ya ardhi duniani. Watu waliougua Kagunga walikuwa hatua chache kutoka kwenye maji hayo. Hesabu zilizofuatwa katika makala haya zinaonyesha kwamba umbali kati ya maji hayo na kikombe salama haukuwa wa kilo za unga. Ulikuwa wa vyombo, dakika, nafasi ya vyoo, na kemia ya ziwa lenyewe.

Kwa mtazamo huo, uhamishaji wa watu unapaswa kuhesabiwa kuwa sehemu ya tiba ya maji. Meli inayobeba watu 600, kama ingefanya safari mbili kila siku peke yake, ingehitaji siku 42 kuwaondoa watu 50,000. Kila boti nyingine iliyoongezwa ilipunguza siku hizo. Kila mtu aliyeondoka alipunguza ndoo zilizopaswa kusubiri na uchafu uliokula klorini, huku akiwaachia waliobaki sehemu ya ufukwe. Katika mlinganyo wa Kagunga, boti ilishughulikia vitendanishi vikomo ambavyo unga haukuweza kuvigusa. Wanakijiji waliobaki na mwalo wao baada ya wageni kuondoka walibaki pia na ziwa la pH ileile, na maji yao bado yanahitaji kupimwa kwa vipimo vyote viwili.

Mafunzo kwa ufundishaji wa kemia yanafuata moja kwa moja. Zoezi la kitendanishi kikomo linaweza kufundishwa kwa ndoo 37,500. Zoezi la asilimia ya zao linaweza kufundishwa kwa kopo la unga lililosahaulika wazi. Msawazo wa asidi unaweza kufundishwa kwa maji yaliyochotwa Ujiji au Kagunga asubuhi hiyohiyo, kwa Kiswahili, mbele ya vijana ambao siku moja huenda wakasimama ufukweni wakiwa na bomba la sindano mkononi.